Lita Tisa kwa Mia

Redio ndiyo iliyokufa kwanza. Mwanamke alikuwa akiimba habari za harusi ya mtu mwingine, akakatika katikati ya neno, na mahali pake ukaingia upepo. Kisha taa ndogo za dashibodi zikazimika, na ule mshale mdogo chini ya geji ya mwendo, niliokuwa nimeukodolea macho tangu asubuhi, ukalala kushoto kabisa. Gari lilikuwa bado linateremka. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa nyuma ya baba yangu, na kwa muda mfupi nilifurahi, maana nilidhani limeharibika.

Nililichukia gari lile. Nalichukia hata leo, ingawa limekwisha kuwa vyuma chakavu zamani. Lilikuwa la Kijerumani, dogo, jeusi, la milango minne, viti vya ngozi, na chini ya boneti injini ya silinda sita iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kukimbia na wenye uwezo wa kulipia mbio zao. Baba yangu, Trailo, alipenda kukimbia. Uwezo hakuwa nao.

Alilinunua Vienna kwa daktari wa meno aliyekuwa amelichoka. Baba alifunga nondo kwenye majengo huko, na mama yangu, Persida, alisafisha ngazi za nyumba za watu. Mimi niliishi na Bibi Florika kijijini kwetu, mashariki ya Serbia, juu ya mto Danubi, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye simba wawili wa saruji getini. Katika nyumba hiyo yote tulitumia jiko na chumba kimoja cha kulala. Nusu ya watoto wa kijiji walilelewa hivyo, na bibi zao, kando ya simba wao.

Kila Jumapili simu ililia, na mimi niliuliza swali moja tu: mnanichukua lini? Mama alisema mwakani, mwanangu, maana mwaka huu matairi yamekwisha, na yale si matairi ya kuokota popote. Mwaka uliofuata zilikuwa diski za breki. Mwaka mwingine bima ilipanda kwa sababu ya ukubwa wa injini, halafu kikatokea kiboksi fulani cha umeme ambacho mafundi wa kawaida waliogopa hata kukigusa. Na juu ya yote hayo petroli, tena ile ya bei ya juu, kwa kuwa ya kawaida ililifanya gari likohoe. Watoto wengine huwaonea wivu wadogo zao. Mimi nilizionea wivu diski za breki. Ili wanichukue walihitaji nyumba yenye chumba cha pili, na chumba changu kilikuwa kinachomwa barabarani, kila siku kidogo.

Kila Agosti waliokuwa ng'ambo walirudi, na barabara yetu moja ikajaa magari kuliko watu. Mwanaume akirudi na gari hakuulizwa habari za afya wala za kazi. Aliulizwa: linakula ngapi? Yaani lita ngapi kwa kilomita mia. Na kila mwanaume alidanganya. Ulikuwa uongo wa heshima, kila mtu aliufahamu, na msikilizaji aliongeza mwenyewe kimoyomoyo lita alizoona zinafaa. Hakuna aliyewahi kumdai mwenzake ukweli. Mtu alisema nane, wengine wakatikisa vichwa, glasi zikajazwa tena.

Agosti ile, siku ya sikukuu ya kijiji, wanaume walikaa uani kwetu chini ya mizabibu, na mwanakondoo mzima alikuwa amekwisha kubaki mifupa. Miongoni mwao alikuwepo Desimir. Huyu alikuwa somo wa nyumba yetu: ndiye aliyesimamia harusi ya wazazi wangu, na ndiye aliyenibeba siku niliyobatizwa. Kwetu somo ni zaidi ya ndugu. Ukipigana na ndugu yako watu watawaamua, lakini ukipigana na somo wako watu watageuza nyuso. Desimir hakuwahi kwenda ng'ambo. Alifuga nyuki, aliendesha gari la dizeli lililolia kama mashine ya kusaga, na ndiye aliyekuja shuleni nilipompiga mtoto wa mwalimu kwa mfuko wa vitabu. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akaniuliza kama nina njaa, tukaenda kula.

Mtu mmoja akauliza lile swali. Baba aliegemea kiti, akanyoosha miguu, akasema saba. Ukilibembeleza, akaongeza, sita na nusu. Vichwa vikatikiswa. Mambo yangeishia hapo, kama yalivyoishia kila mwaka, lau mama asingekuwa anapita na sahani ya nyanya.

"Saba?" alisema mama. "Saba linazinywa kabla halijatoka gereji."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe yake. Nafikiri mama mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Baba hakucheka, wala hakuinuka. Alimpiga kwa mgongo wa mkono, hivihivi, akiwa bado ameegemea, na sahani ikapasuka juu ya mawe. Mama alisimama pale pale, mkono mdomoni, na sikuweza kujua kwenye gauni lake kipi kilikuwa nyanya na kipi damu.

Sikumwona Desimir akiinuka. Niliiona meza ikiinuka. Alimvuta baba juu yake kwa kola ya shati, na wote wawili wakaanguka katikati ya mifupa na chupa, wazee wakaruka kando na glasi zao mikononi. Walipigana vibaya, bila maneno, kama watu wanaofanya kazi nzito. Baba alimpasua somo wake nyusi kwa shingo ya chupa. Desimir alimpiga baba kichwa mpaka pua ikabadilisha mahali, akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mkono mmoja, na damu ya nyusi yake ikawa inamdondokea baba machoni.

"Haya, sema linakula ngapi," alisema Desimir.

"Saba."

"Trailo, mwanao yuko hapo anakusikia. Sema."

"Saba, mshenzi we. Niue, ni saba."

Desimir akamwachia, akakaa chini kando yake, akaanza kucheka huku anajifuta uso. Akasema basi tutapima. Tangi litajazwa mpaka juu, watakwenda na kurudi, litajazwa tena, na yeye mwenyewe atakaa mbele kama mwamuzi.

"Likizidi lita tisa kwa mia, unaliuza, na Suzana anakwenda Vienna kabla shule hazijafunguliwa," alisema. "Lisipozidi, nakuomba radhi mbele ya hawa wote, na habari za mtoto wako sizitamki tena."

Baba akampa mkono. Kwetu watu wakishindana hushikana mikono, na mtu wa tatu huikata kwa ukingo wa kiganja chake. Ikishakatwa, hakuna tena cha kurudi nyuma, hata mbele ya padri. Wanaume wakatazamana, hakuna aliyetaka kujitia katika jambo la mtu na somo wake. Desimir akageuka, akaniona nimejibanza kwenye nguzo.

"Suzana, njoo ukate," alisema.

Mikono yao ilikuwa inateleza kwa damu, na kila mmoja alikuwa akimbana mwenzake kadiri alivyoweza. Nilikata kwa nguvu zangu zote. Niliumia kiganja, na nilitaka kuumia.

Kituo cha petroli kilikuwa Brza Palanka, chini mtoni. Asubuhi iliyofuata nusu ya kijiji ilikuwa imetutangulia. Baba, pua imevimba, alijaza tangi mpaka bomba likajifunga lenyewe, kisha akawaita wanaume wanne walitikise gari kwa kulibonyeza buti, ili hewa itoke na petroli nyingine iingie. Walilirukisha kama kitanda cha mtoto. Desimir alisimama hapo, nyusi imeshonwa kwa uzi mweusi, akasema hewa itatolewa vivyo hivyo wakati wa kurudi, asijisumbue. Baba akaondoa tairi la akiba. Akaondoa jeki, mkeka, hata mwavuli wa mama. Halafu akasema mimi na mama tutashuka, maana uzito ni uzito.

Desimir akasema hapana. Gari la familia linapimwa na familia. Watu wakacheka, na baba akatufungulia mlango wa nyuma.

Wakati wa kwenda tulifuata barabara ya mto, na sijawahi kumwona baba akiendesha hivyo, si kabla wala baada. Yeye ambaye kwa kawaida aliendesha kama anayefukuzwa na polisi, alilishika lile gari kama yai. Madirisha yalifungwa ili upepo usituvute, kipozahewa kilizimwa, na jua la Agosti likatupika ndani ya ngozi nyeusi. Trekta lenye trela la nyasi lilitupita, dereva wake akapiga honi kwa huruma. Baba hakujali. Alikuwa anautazama mshale mdogo chini ya geji ya mwendo, ule unaoonyesha injini inakunywa kiasi gani kwa wakati huo, nao ulikuwa unacheza kati ya sita na saba. Alianza kuimba kwa chini. Nakumbuka alivyokuwa mzuri wakati huo, hata na pua ile, na nakumbuka nilivyotamani afe.

Nalisema wazi kwa sababu watu hufikiri mtoto hawezi kutamani hivyo. Kila mshale uliposhuka, niliiona Vienna ikisogea mbali. Nilitazama nyusi ya Desimir kwenye kioo cha pembeni, na yeye alikuwa anautazama mto. Hakuwa na haraka. Yeye ndiye aliyechagua njia ya kurudia, na njia ya kurudia ilikuwa juu, kupitia mlima Miroč. Kwenye tambarare hata jiwe linakwenda, alikuwa amesema.

Mlima ulipoanza, gari lilibadilika sauti. Mshale ukaruka kulia, kumi na tano, ishirini, ukabaki huko. Baba alipanda taratibu, akajaribu gia moja, akajaribu nyingine, lakini barabara ilikuwa kama ngazi na injini ilikunywa jinsi ilivyozaliwa kunywa. Nilikandamiza sakafu kwa mguu wangu kulisaidia linywe zaidi. Mama aliuona mguu, akaweka mkono wake juu ya goti langu, na nilipomtazama alikuwa anatabasamu kwa ule mdomo uliovimba. Baba alikuwa ameacha kuimba zamani.

Pale juu kabisa, penye miti ya mwaloni, alisimamisha gari akajipangusa jasho. Alijua. Alikaa hapo mikono juu ya usukani, anahesabu, na nyuma ya shingo yake nikaiona hesabu ikikataa. Kisha tukaanza kuteremka, akaweka gia huru, akapeleka mkono kwenye ufunguo, redio ikanyamaza.

Wazee wote wa kwetu walizima injini mteremkoni. Babu yangu alifanya hivyo maisha yake yote, katika kigari chake chepesi ambacho kilisimama ukikitishia tu. Alijivunia kwamba anarudi kutoka mlimani bure. Baba alifundishwa kuendesha katika kigari hicho, kwenye mlima huohuo. Lakini hili halikuwa kigari cha babu. Lilikuwa zito, na breki zake na usukani wake vilipata nguvu kutoka kwa injini. Ukiinyima injini uhai, unabaki na vyuma vizito na nguvu za miguu yako.

"Umezima?" aliuliza Desimir.

Baba akasema limelala tu kidogo, ataliamsha chini.

Kona ya kwanza aliipita vizuri. Kona ya pili alikanyaga breki na gari likapungua, lakini niliona bega lake likishuka kwa kukaza mguu. Kwenye kona ya tatu alisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na pedali ilikuwa imekuwa jiwe. Usukani aliuzungusha kwa mikono miwili kama anayefungua lango lenye kutu. Matawi yakaanza kutupita haraka mno. Desimir akasema awashe, kwa sauti ya kawaida, akarudia kwa sauti ya juu. Baba akasema kona moja tu, bado kona moja, baada ya hapo ni tambarare mpaka kituoni.

"Washa, kuna mtoto humu," alisema Desimir.

"Ndicho mnachotaka, wote mnataka nishindwe."

Desimir akafungua mkanda wake, akainama kuufikia ufunguo. Baba alimpiga kiwiko mdomoni. Nilisikia meno. Desimir hakurudi nyuma. Alirudisha mkono uleule, akaukamata ufunguo, na baba akamkamata kiganja, akakipinda. Mama alijirusha kutoka kiti cha nyuma, akamkaba baba shingo kwa mkono, akamvuta kichwa huku anampiga usoni kwa kiatu alichokuwa amekivua, sijui saa ngapi, anampiga na kupiga bila kulia. Wote watatu walikuwa wanahema. Ilikuwa kimya sana ndani ya gari lile, kwa sababu injini haikulia, na nilisikia kila pigo. Mmoja alikuwa anauzungusha ufunguo huku, mwingine kule. Kisha ukachomoka.

Ulitoka mzima, mkononi mwa Desimir. Akautazama. Baba akazungusha usukani kuifuata kona, na ndani yake kitu kikalia "tak", kidogo tu, kama kufuli la sanduku, na usukani ukajifunga pale ulipokuwa, kama unavyojifunga dhidi ya wezi ufunguo ukitolewa. Barabara ikapinda kushoto. Sisi tukaenda mbele.

Sikumbuki mwaloni. Nakumbuka vioo, na baada ya vioo mlio mrefu wa kitu kinachopoa. Mama alikuwa na mfupa wa bega umetokeza ngozi, anatambaa na kuita jina langu ilhali nilikuwa nimelala juu ya miguu yake. Baba alikuwa amebanwa. Injini ilikuwa imeingia kumfuata mguuni, na alipiga kelele kama mnyama, mfululizo, bila kuvuta pumzi. Desimir hakuwemo. Alikuwa mbele ya gari, juu ya majani makavu, kifudifudi, kiatu kimoja hakipo. Nilimwendea, nikamwambia, Somo, amka. Nilimgeuza kichwa ili apumue vizuri, na upande ule haukuwa na uso.

Waliomchukua walipata taabu kumfungua vidole vilivyoushika ufunguo. Alizikwa kijijini siku tatu baadaye, na ufunguo walimpa mkewe, Vukosava, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa.

Baba alikatwa mguu chini ya goti. Alirudishwa nyumbani kusubiri kesi, na hakuna aliyekuja kumtazama isipokuwa nzi. Mama alilala chumba kimoja na mimi. Hakuna aliyetaja Vienna. Lile gari lilivutwa mpaka uwanja wa vyuma, tangi likiwa limetoboka, na kilichokuwemo kiliachwa kwenye udongo wa Miroč. Kwa hiyo hapakuwa na cha kupima. Hivyo ndivyo wanaume walivyosema kijijini, na kwa aibu yetu wote, walilisema hata wakati wa maziko: mashindano hayakumalizika. Wengine waliapa lingefika tisa na nusu. Wengine walisema kwa mteremko ule, nane.

Ikafika arobaini. Kwetu siku ya arobaini meza huwekwa uani kwa marehemu, na mahali pake huachwa wazi, pakiwa na kila alichokipenda. Vukosava alikuwa ameweka sahani ya kondoo, kahawa, sigara zake, asali ya mwisho aliyoirina, na kando ya glasi ya divai, ule ufunguo. Ndugu watatu wa Desimir walikaa kuizunguka meza. Walikuwa wametuma habari mapema kwamba Trailo akikanyaga pale atazikwa kesho yake, na hawakuwa watu wa kutania. Mimi na mama tulikaribishwa, tukakaa mwisho wa meza.

Alikuja katikati ya mlo, kwa magongo mawili, amevaa suti yake ya harusi, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Vijiko vikanyamaza. Mdogo wa mwisho wa Desimir, Miodrag, aliinuka, akatembea mpaka kwake bila haraka, akalipiga teke gongo moja. Baba akaanguka ubavu. Miodrag akalichukua gongo lile, akampiga nalo mgongoni, mara nyingi, na sauti ilikuwa ya mtu anayepiga zulia. Mama alinishika kichwa akanificha uso kifuani mwake, lakini nilijitoa. Nilitaka kuona. Baba hakujikinga. Alikuwa anatambaa kwa viwiko kuelekea meza, na kila alipopigwa alisimama kidogo, kisha akaendelea.

"Mwache," alisema Vukosava.

Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na wala siku ile hakuipandisha. Miodrag alibaki amesimama na gongo. Baba alikuwa amefika kwenye kiti kitupu cha marehemu, ameshika mguu wa kiti, damu inamtoka sikioni. Vukosava alimtazama kutoka juu.

"Linakula ngapi, Trailo?"

Uani kulikuwa na watu mia, na nilisikia nyuki kwenye asali. Nilijua angesema nini. Kila mtu alijua. Lita zote zilikuwa udongoni, na ukweli ulikuwa umebaki mdomoni mwake tu. Angesema saba, angekufa nayo. Nami nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukaa na simba wa saruji.

"Kumi na moja na nusu," alisema baba. "Mjini kumi na nne. Hata kama ningefika chini, lingezidi. Nilijua tangu siku niliyolinunua. Siku zote nilijua."

Alisema akitazama kile kiti. Kisha akaweka paji la uso juu yake akalia, na kilio chake kilikuwa kibaya kuliko zile kelele za mwaloni. Mimi sikumhurumia. Miaka mingi ilipita kabla sijamhurumia, na hata hapo ilikuwa kidogo.

Vukosava alichukua glasi ya marehemu, akaimwaga divai ardhini, polepole, yote.

"Umesikia, Desimir," alisema. "Umeshinda."

Halafu akanigeukia mimi, akaniambia nikafunge mizigo yangu, shule zimeshafunguliwa.

Tuliondoka na mama kwa basi. Tulipanga chumba kimoja tu, si viwili, na ofisi ya uhamiaji ya huko ilitusumbua mwaka mzima kwa ajili ya hicho kimoja, lakini tulikaa. Baba alifungwa, akatoka, akabaki kijijini na Bibi Florika mpaka alipomzika. Mama hakurudi kwake wala hakumwacha kisheria. Kila Agosti nilikwenda kwa Vukosava kwanza, kisha kwa baba, tukala pamoja.

Baba alikuja Vienna mara moja tu, mwaka juzi, kutibiwa kile kisiki cha mguu. Nilimpokea stesheni kwa gari langu. Ni gari la kawaida, la rangi ya kijivu, na kama magari yote ya siku hizi linajipigia hesabu lenyewe na kuiandika kwenye kioo mbele ya dereva, lita ngapi kwa mia, utake usitake. Pale penye tarakimu nimebandika plasta, ile ya kawaida ya vidonda. Mume wangu huwaambia watu kwamba pameharibika.

Baba alikaa mbele, akafunga mkanda, akaukagua mara mbili. Tulisimama kwenye taa nyekundu. Nilimwona macho yake yanatembea kwenye dashibodi, kama ya wanaume wote wa kwetu, yanatafuta, mpaka yakafika kwenye plasta. Ukingo wake mmoja ulikuwa umeanza kubanduka kwa joto. Nilisubiri aulize. Akanyoosha mkono, taratibu, akaubonyeza ule ukingo kwa kidole gumba, akaushikilia hapo mpaka ukashika.